Muhtasi Aliyeifungua Mashine ya Ramani

Ukimwita taipisti, alikuwa hasikii. Ukimwita mama, alisikia lakini hakuitika, maana alisema yeye ni mama wa watoto wake tu, na wewe hakukumbuka kukunyonyesha. Ili akuinulie macho katika ofisi yetu ya maji pale Kayanga ilibidi useme "Muhtasi", na kabla ya hapo useme shikamoo, hata kama cheo chako kilikuwa kikubwa kuliko chake. Niliwahi kumwona afisa aliyetoka Bukoba, mtu wa suti, akisimama mbele ya meza yake na kukohoa kwa muda mrefu. Mwishowe mlinzi akamnong'oneza kupitia dirishani, kwa neno la heshima la kwetu, "Waitu, mwamkie." Akaamkia. Barua yake ikatoka hapohapo.

Mimi nilikuwa dereva wa ofisi hiyo. Niliajiriwa baada ya vita vya Kagera, nikamkuta yupo, na kwa karibu miaka ishirini nilimpeleka na kumrudisha. Aliniita Dereva. Jina langu alilijua, kwa sababu ndiye aliyepiga chapa barua yangu ya ajira, lakini alisema jina la mtu ni la nyumbani kwake.

Asili yake sitaisimulia kwa sababu siijui. Wengine walisema ni wa Rwanda, wengine wakasema ni Mhaya wa pwani ya ziwa. Watu walidai lugha ya mtu hujulikana akikasirika, ila yeye akikasirika hakusema kitu, kwa hiyo hatukujua.

Hadithi ya kwanza niliyosikia juu yake ni ya vita hivyohivyo. Mizinga iliposikika upande wa Kyaka, watu walifunga magodoro na kuku wakakimbia. Muhtasi aliacha godoro, akaacha na kuku. Akabeba taipureta ya ofisi kichwani, ile kubwa ya chuma, akatembea nayo mpaka Nyakasimbi. Njiani askari wetu wakamsimamisha kwenye kizuizi.

"Mama, umebeba nini?"

"Nimebeba serikali," akawajibu.

Wakampisha. Watu wanaosema alikuwa na kiburi huanzia hapo. Mimi nasema alikuwa amechoka shingo tu, hakutaka maelezo marefu.

Alikuwa na msemo wake: "Kosa likishapigwa chapa linakuwa sheria." Tuliuelewa vizuri siku Mhandisi, mkuu wetu, alipoandika kwa mkono tangazo la kuwaita wananchi wa Igurwa kuchimba mtaro wa bomba. Alikusudia kila kaya ilete jembe. Mwandiko wake ulikuwa kama njia ya siafu, ikasomeka kila kaya ilete jambo. Muhtasi akaenda kumuuliza.

"Mhandisi, hapa ni jambo?"

"Piga kama ilivyo, Muhtasi! Nina kazi!"

Akapiga kama ilivyo. Siku ya siku Igurwa nzima ikaja mikono mitupu, kila kaya na jambo lake. Mmoja alilalamikia mpaka wa kibanja chake cha migomba, mwingine mbuzi wa jirani, na bibi mmoja alikuja na suala la mahari iliyotolewa kabla mimi sijazaliwa. Tulikaa huko hadi jua linazama na hatukuchimba hata unyayo mmoja. Tangu siku hiyo Mhandisi hakusema tena "piga kama ilivyo". Muhtasi naye hakuwahi kumkumbusha, jambo ambalo lilimuumiza Mhandisi zaidi.

Usidhani alikuwa chuma kitupu. Mwanamke huyu aliyewapanga maafisa kwenye foleni alikuwa anaogopa kinyonga. Asubuhi moja tukiwa Omurushaka kinyonga alitokea kwenye kioo cha pembeni cha Land Rover, akamgeuzia jicho moja. Muhtasi akashuka gari likiwa bado linatembea. Nilimtoa yule mdudu kwa kijiti, nikakung'uta kioo, nikaapa kwa kila kitu, wapi. Akatembea kwa miguu mpaka Kayanga, mimi nikimfuata polepole nyuma kama msafara wa bibi harusi, na watu wakitoka vibanjani kuuliza harusi ni ya nani.

Tena alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na walevi aliwapa maneno ambayo hata mchungaji aliyaona makali. Lakini hapakuwa na msiba alioenda bila kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi yake ilikuwa kali na safi. Nilimuuliza mara moja kuhusu hilo. Akasema, "Dereva, mfiwa hahubiriwi."

Sasa niseme habari ya mashine.

Mabomba yetu yalichorwa na wataalamu wa kigeni waliokuwa na mradi wa maji. Walipoondoka, miaka ya tisini imeshaanza kuchakaa, walituachia ramani za karatasi na kompyuta moja, waliyosema ni ya kuweka mapajani. Mapaja ya nani, sijui. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia ulezi. Walikuwa wakichorea ramani juu yake, kwa hiyo ilikuwa na nguvu kuliko kompyuta za kuandikia barua. Ramani za karatasi ziliwekwa stoo, na mchwa wakazisoma zote. Zile za ndani ya mashine wataalamu walikwisha kuzihamisha wakaondoka nazo, tukabaki na mashine yenye barua za Muhtasi.

Mlango wa ofisi ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo kila jioni Muhtasi aliondoka na mashine hiyo ameipakata kwenye gari, imefungwa kitenge. Siku moja mama mmoja tuliyempa lifti akamwonea huruma.

"Pole, waitu. Mtoto anaumwa nini?"

"Tumbo limejaa," Muhtasi akajibu, naye hakudanganya. Kila akitaka kutunza barua mpya, mashine ilimwambia diski yake ya ndani haina nafasi. Diski hiyo ndiyo inayoweka kila kitu, na ilikuwa ndogo, na wale wataalamu walikuwa wameijaza programu zao nzito. Akawa anahifadhi barua kwenye flopi, vile vibamba vidogo vya plastiki, mpaka makopo matatu ya biskuti yakajaa.

Ndipo ikaja ile mvua kubwa iliyokata madaraja. Baada ya mvua, bomba la Igurwa likakauka. Mhandisi akaenda, akapiga bomba hapa na pale kwa spana, akatega sikio, akarudi. Alijua kulikuwa na koki kuu mahali fulani chini ya udongo, iliyofungwa au iliyoziba, lakini mahali penyewe palijulikana na mchwa peke yao. Kiangazi kikaingia. Mama yangu wa hukohuko Igurwa, ambaye bomba lilikuwa mlangoni kwake, akaanza tena kushuka bondeni na ndoo kama alivyofanya akiwa msichana. Nilikuwa nampitia asubuhi nikimkuta amekaa njiani juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapumzika, ananiambia anaangalia mandhari.

Mhandisi akaandika barua kwa mmoja wa wale wataalamu huko kwao. Majibu yalichukua muda, lakini yalikuja na furushi. Ndani mlikuwa na CD mbili, moja yenye ramani zote na programu ya kuzifungulia, nyingine ya kuiwekea mashine mfumo mpya. Mlikuwa na diski mpya ya ndani, yenye nafasi kuliko ya zamani mara kadhaa. Mlikuwa na kifaa cha kusomea CD, kwa kuwa mashine yetu ilijua flopi tu, na flopi moja ya kuanzia. Juu ya yote, barua ya maelekezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Mlinzi aliiona CD, akaona ndevu zake ndani, akauliza vioo hivi vinauzwa duka gani.

Mhandisi alisoma maelekezo, akafunga furushi. "Hii itakwenda Dar es Salaam, iwekwe na mafundi wenyewe."

"Itarudi lini?" Muhtasi akauliza.

"Miezi mitatu. Minne."

"Na watu wa Igurwa miezi minne wanywe nini? Kumbukumbu namba?"

"Muhtasi, kuna mtu hapa anaweza kufungua hiki kitu?"

"Mimi."

"Umewahi kufungua mashine kama hii?"

"Mara ngapi!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali.

Mimi nikadakia, mdomo wangu haukuniomba ruhusa: "Mwache Muhtasi afungue. Bisibisi ndogo ninazo kwenye gari." Mhandisi akatugeukia wote wawili. Akasema vizuri, ila ikifa hiyo mashine, Muhtasi na dereva mtaandika maelezo, na maelezo hayatasaidia. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na watoto wanne na leseni moja.

Kesho yake asubuhi Muhtasi alikuja amevaa gauni lake la kwaya. Akaifuta meza yake, akafunga droo kwa ufunguo, akasoma barua ya maelekezo tangu juu mpaka chini, mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Inasema kabla ya kugusa vitu vya ndani, mtu ajiunganishe na ardhi," akatuambia. "Umeme uliomo mwilini mwake unaweza kuiua mashine." Akafikiri. "Tukae chini."

Nikatandika mkeka.

"Toa. Mkeka si ardhi."

Tukakaa juu ya sementi, miguu mitupu. Mhandisi alisimama mlangoni na viatu vyake.

"Mhandisi, viatu."

"Mimi siigusi."

"Unaipumulia."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinigharimu.

Akatoa betri kwanza. Halafu skrubu, moja baada ya moja, kila moja akiiweka juu ya karatasi aliyoandika namba, kama mtu anayepanga majalada. Chini ya kifuniko tukaiona diski ya zamani. Nilitegemea kitu cha ajabu, kumbe kilikuwa kama kiberiti kikubwa, kimelala ndani ya kitanda chake cha bati. Akakivuta kidogo kidogo mpaka kikaachia. Akakifunga kwenye leso safi, akasema hiki hakitupwi, mpya ikikataa kinarudi mahali pake. Kile kitanda cha bati akakihamishia kwenye diski mpya, akaanza kuisukuma ndani.

Ikagoma. Akaitoa, akaiinamia karibu na dirisha. Meno yake madogo ya shaba, yale yanayoingia kwenye mashine, yalikuwa mengi kama ya kitana, na moja lilikuwa limepinda.

Mhandisi akashika kichwa. "Basi. Nilisema Dar."

Muhtasi akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kulabu ya kufumia vitambaa, akalinyoosha lile jino kwa pumzi moja, taratibu, kama anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Akasukuma tena. Tukasikia *kaa*. Ni sauti ndogo sana, lakini nilihisi hata jirani kaisikia.

Nikaenda kuwasha jenereta. Tulikuwa na dizeli ya saa chache tu.

Matatizo yenyewe yalianza hapo. Ubavuni mwa mashine palikuwa na tundu moja, ambamo kifaa cha flopi kilikaa na kuchomoka kama droo. Kile cha CD nacho kilitakiwa kukaa katika tundu hilohilo. Diski mpya ilikuwa tupu, haijui lolote, kwa hiyo mashine iliwashwa kwa flopi, na flopi ndiyo iliyokuwa na maneno ya kuifahamisha mashine kwamba kuna kitu kinaitwa CD. Ukiweka flopi, mashine inaifahamu CD, lakini CD haipo kwa sababu nafasi yake imekaliwa. Ukichomoa flopi ukaweka CD, mashine inaamka haijui chochote, inakuandikia kwamba hakuna cha kuwashia.

Tuliweka flopi. Tukaweka CD. Tukarudisha flopi. Mhandisi akachora mishale kwenye karatasi, mishale ikazunguka ikarudi ilikotoka. Barua ya maelekezo ilikuwa imeruka hatua hiyo. Nadhani yule mtaalamu aliiona nyepesi mno.

"Ni kama mtu ajizae mwenyewe," Mhandisi akasema, akaketi sementini pembeni yetu, soksi na yote.

Muhtasi akainuka. Akatoka nje miguu mitupu, akaizunguka ofisi. Nilimwona akipita dirisha la kwanza, la pili, akapotea nyuma kwenye jenereta, akatokea tena. Mzunguko wa pili mlinzi akamfuata, akidhani ameibiwa. Wa tatu akaingia.

"Mhandisi. Mgeni akija ofisini kwetu kwa mara ya kwanza, anatambulikaje?"

"Kwa barua ya utambulisho."

"Aliyeandika barua ile lazima asimame naye mlangoni?"

"Hapana. Barua inatosha."

"Basi flopi aingie kwanza peke yake. Aiache barua yake ndani ya diski mpya. Kisha atoke, ampishe CD. CD akifika atakuta barua yake iko mezani."

Mhandisi akasema polepole, "Tuinakili ile faili ya utambulisho kwenye diski yenyewe... na diski iwashe." Kisha akasema neno moja la Kihaya ambalo sitaliandika.

Muhtasi akakaa chini tena, akaweka mashine mapajani. Akapiga amri, faili zikanakiliwa. Akachomoa flopi, akatia kifaa cha CD, akawasha. Mashine ikafikiri. Ikaandika kwamba haijaona barua yoyote.

Jenereta ikakohoa nje. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake, ambavyo katika miaka yote ile sikuwahi kusikia vimekosea. Mhandisi ndiye aliyeinama kwenye kioo.

"Muhtasi," akasema kwa sauti ya chini sana, "hapa kwenye amri... kuna herufi imezidi."

Muhtasi akaitazama ile herufi. Akamtazama Mhandisi. Akairudia ile herufi.

"Imeingia yenyewe," akasema.

"Ndiyo, Muhtasi," Mhandisi akajibu. "Imeingia yenyewe."

Akarudisha flopi, akarekebisha, akabadilisha tena. Safari hii kile kifaa cha CD kikaanza kuvuma ndani kama nyuki kwenye mzinga, taa yake ya kijani ikapepesa, na maneno yakaanza kushuka kwenye kioo. Nilimkumbatia mlinzi. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kuuliza kama tumeibiwa.

Ramani ya Igurwa ilifunguka dizeli ikiwa mwishoni kabisa. Mistari ya bluu, vibanja, barabara, na kiduara chekundu penye koki kuu. Kesho yake tukaenda, Muhtasi mbele ameshika nakala aliyoichapa na kuigonga mhuri. Kile kiduara kilituongoza moja kwa moja hadi kwenye kibanja cha mwenyekiti wa kijiji, mtu ambaye kwa miezi yote alikuwa akisimama mikutanoni kulaani ofisi ya maji. Juu ya koki alikuwa amejenga banda la nguruwe.

"Hapa hapajapita bomba tangu dunia iumbwe!" akasema.

"Mwenyekiti," Muhtasi akamwambia, "ramani haina shangazi wala mjomba. Hamisha nguruwe."

Nguruwe watatu walihamishwa, wawili kwa hiari. Tukachimba chini ya samadi, tukakuta mfuniko wa zege, na chini yake koki imejaa matope ya mvua. Mhandisi aliishughulikia mwenyewe, kazidiwa na harufu mpaka machozi yakamtoka. Nilipofika kwa mama yangu bomba lilikuwa linatema matope mekundu, halafu maji ya rangi ya chai, halafu maji. Mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, analigombeza kwa kuchelewa.

Muhtasi alistaafu si muda mrefu baadaye, akaenda kuishi Isingiro kwenye kibanja chake. Nilipitia kwake mara ya mwisho nikiwa napeleka mabomba huko. Alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa na ukungu. Nilimwamkia. Aliitambua sauti, akaniita Dereva, akanipa kiti na sahani ya ndizi na maharage, kisha akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni.

"Nataka kuchoma karatasi zisizo na kazi," akasema. "Lakini sioni. Nisomee, mimi nitaamua."

Nikasoma. Cheti cha kwaya, akaweka kando. Risiti ya baiskeli, choma. Barua za watoto, kando. Halafu nikashika bahasha iliyofungwa kwa gundi, ambayo haijawahi kufunguliwa, juu yake jina la cheo cha Mhandisi. Nikaifungua. Tarehe ilikuwa ile siku tuliyokaa kwenye sementi.

"'Yah: Kuacha kazi,'" nikasoma. "'Ukiisoma barua hii, mashine imefia mikononi mwangu. Sijawahi kuifungua mashine ya namna hii wala kuona ikifunguliwa. Nilisema najua kwa sababu watu hawana maji na mtu mmoja ofisini ilibidi aseme anajua. Dereva hana kosa, hakujua lolote, bisibisi nilimnyang'anya kwa nguvu,'"

Nikaishusha karatasi. Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu ya migomba. Nilikumbuka nilivyokimbilia kwenye gari kuzileta zile bisibisi, nikicheka.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Nikaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hapo ni mkato, Dereva, si nukta. Endelea."

"'...kwa hiyo naomba asihusishwe kwa namna yoyote ile.'"

Akaitikia kwa kichwa, kama anayekagua kazi ya mwingine na kuiona inafaa.

"Hiyo haina kazi tena. Weka kwenye za kuchoma."

Niliikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka, Muhtasi."